Mwanangu amesilimu, na kila mtu ananiambia nimeshampoteza

SWALI

Kwako Mama Mshauri,

Pokea salamu kutoka Voi. Mimi ni mjane, mama wa watoto wanne, na riziki yangu naipata kwa kuuza nyanya na mboga sokoni. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami nitakuandikia, lakini jambo lililonifika limeninyima usingizi, na wale ninaowaeleza wananizidishia hofu badala ya kunipunguzia.

Kijana wangu wa pili ana umri wa miaka 23. Alikwenda Mombasa miaka mitatu iliyopita kujifunza ufundi wa simu, na sasa ameajiriwa katika kibanda kimoja karibu na Mwembe Tayari. Mwaka jana alinipigia simu akaniambia kwamba amesilimu. Nilinyamaza kwa kuwa sikujua la kusema, naye akaniambia, "Mama, usilie," ilhali hata sikuwa nimeanza kulia.

Mwezi wa Desemba alikuja nyumbani. Alikuwa amefuga ndevu, na suruali yake ilikuwa imekatwa juu ya vifundo vya miguu. Nilimpikia kuku kama ilivyo kawaida yangu, naye akaniuliza kwa sauti ya chini kuku yule amechinjwa na nani. Nilipomwambia ni mdogo wake, alikula wali na mchicha, nyama akaiacha. Alfajiri nilimsikia uani akijimiminia maji miguuni kwa kopo. Wiki hiyohiyo tulimzika bibi yake. Alichimba kaburi pamoja na vijana wenzake tangu asubuhi, lakini ibada ilipoanza alisimama nje chini ya mwembe mpaka ikaisha. Watu walimwona, na tangu siku hiyo maneno hayajakoma.

Mzee mmoja wa kanisa ameniambia kwamba kijana akishafika mahali pa kukataa ibada ya mazishi ya bibi yake, kinachobaki ni msitu wa Boni, maficho ya al-Shabaab. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyemlipia karo, anataka niende polisi nikaandikishe jina lake mapema, ili likitokea la kutokea sisi tusihusishwe. Mama mmoja ninayeimba naye kwaya hunitumia kwenye WhatsApp video za watu wakichinjwa, na chini yake huandika "tuombe". Binti wa jirani yetu alikuwa mwanafunzi Garissa mwaka 2015. Alirudi akiwa hai, lakini mpaka leo mlango ukibamizwa hujikunja chini ya meza.

Kijana wangu bado ananitumia pesa kila mwisho wa mwezi, na hunipigia simu kila Jumapili jioni, akijua kwamba nimesharudi kutoka kanisani. Amenialika niende Mombasa nikaone anapoishi, lakini kaka yangu ananikataza. Je, nimwache aende zake ili niiokoe familia? Je, hofu yangu ni dhambi? Na kuna jambo dogo ambalo naona haya kuliuliza: amebadilisha jina, na ulimi wangu haulitamki lile jipya. Nimwiteje?

Mama wa Voi

JIBU

Mama mwenzangu,

Kabla sijakujibu ni haki yako umjue anayekujibu. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa na kulelewa Mombasa, na nimelea wavulana wawili katika miaka ambayo mama wa mtaani kwetu hakuwa na hakika kama mwanawe aliyetoka kwenda kusali isha angerudi. Mwaka 2014 mkubwa wangu alikuwa na umri wa miaka 17. Usiku alipochelewa nilikuwa nikizima taa ya ukumbini ili majirani wasijue kwamba niko macho, kisha nakaa kwenye mkeka karibu na mlango nikisubiri kusikia komeo likivutwa. Niliogopa kwamba amepata watu wa kumghilibu, na niliogopa vilevile kwamba askari wamemkuta mahali pasipofaa katika saa isiyofaa. Kwa hiyo hofu yako siioni kuwa dhambi, wala siioni kuwa chuki dhidi ya dini yangu. Mimi mwenyewe nimelala nayo.

Wala sitakuambia kwamba haina msingi. Tarehe 2 Aprili 2015, katika chuo kikuu cha Garissa, waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi, baada ya wauaji kuwatenga Wakristo na Waislamu. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi wa Novemba 2014, abiria 28 walitolewa katika basi huko Mandera wakauawa kwa sababu hawakuwa Waislamu. Ni kweli pia kwamba miongoni mwa walioingia katika makundi ya wauaji hao wamo waliosilimu wakiwa watu wazima. Elgiva Bwire, aliyehukumiwa mwaka 2011 kwa mashambulizi ya guruneti jijini Nairobi, alikuwa mmoja wao. Kaka yako hajaota mambo haya, na mtu akikuambia kwamba ni uzushi mtupu hatakuwa amekutendea haki.

Lakini nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta ndani yake dalili ya hayo unayoyaogopa, na nilichokutana nacho ni kijana anayejifunza dini mpya na ambaye bado hajajua namna ya kuwa nayo nyumbani kwa mama yake. Maji uliyoyasikia alfajiri ni ya udhu, ambao kila Mwislamu anayeswali huutia. Ndevu na suruali iliyopanda ni mambo ambayo baadhi ya wanaume wa Kiislamu huyashika kwa kufuata mwenendo wa Mtume, na ukifika Mombasa utawaona mamia wenye suruali za namna hiyo wakiuza mahamri, wakiendesha matatu na kufundisha hesabu shuleni. Kusimama nje wakati wa ibada kumewaumiza watu, na naelewa kwa nini, ingawa wapo Waislamu ambao wangeingia wakakaa kimya nyuma. Hata hivyo, kabla hajasimama chini ya mwembe ule, alikuwa shimoni tangu asubuhi akimchimbia bibi yake kaburi. Waliomtazama mwembeni nadhani walimwona pia na jembe mkononi.

Na kuhusu kuku, nakuomba tukae hapo kidogo, kwa kuwa ninaona ndipo ulipoumia zaidi. Mama anapompikia mwanawe aliyetoka mbali, kisha nyama ikabaki sahanini, huhisi kwamba amekataliwa yeye. Kijana wako hakukukataa. Wapo wanazuoni wanaoruhusu nyama iliyochinjwa na Mkristo, lakini Waislamu wengi wa huku kwetu huona salama zaidi achinje Mwislamu, na huenda ndivyo alivyofundishwa. Wewe mwenyewe bila shaka umehudhuria harusi na matanga ya Wakristo ambapo Mwislamu wa mtaani aliitwa kuchinja ng'ombe ili wageni wote wale pamoja, na hakuna aliyeondoka pale akiwa na hofu. Tazama pia kwamba aliuliza kwa sauti ya chini, hakuinuka, hakukemea, na alikula alichoweza kula kutoka katika mkono wako. Kijana aliyeingizwa sumu ya chuki angekuambia mbele ya wadogo zake kwamba chakula chako ni najisi.

Hapa ndipo penye kipimo ninachotaka ukishike, nacho hakimo katika mavazi. Waulize wanaojua jinsi vijana wanavyoingizwa katika makundi ya mauaji, nao watakuambia kwamba kazi ya kwanza ya mwingizaji ni kumtenga kijana na watu wake. Humwambia kwamba mama yake ni kafiri asiyestahili salamu, kisha humwambia kwamba imamu wa msikiti wake naye amenunuliwa na serikali, na hatimaye huwakufurisha Waislamu wote wasiokubaliana naye, mpaka kijana abaki na sauti moja tu masikioni. Njia hii haina dini maalumu. Mwaka 2023, huko Shakahola katika kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba wakifunga kula mpaka wafe watakutana na Yesu, na wao pia walianza kwa kuacha kazi, kuwatoa watoto shuleni na kukata mawasiliano na jamaa zao. Baada ya msiba ule hakuna aliyekuja sokoni kwako kukuambia kwamba kila anayekwenda kanisani Jumapili aandikishwe polisi. Nasi Waislamu wa Pwani hatukudhani hivyo, tulilia pamoja nanyi.

Sasa, ama kuhusu mama ambaye si Mwislamu, Kitabu chetu kimesema waziwazi. Katika sura ya Luqman, ambayo ni ya 31, aya ya 15, mtoto anaambiwa kwamba wazazi wake wakimshurutisha amshirikishe Mungu asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema hapa duniani. Asma, binti wa Abubakari, alijiwa Madina na mama yake ambaye alikuwa bado anaabudu masanamu, naye akamuuliza Mtume kama aendelee kuunga udugu naye. Mtume akamjibu kwamba ndiyo, amuunge mama yake. Mwalimu wa mwanao, awe nani, anayajua haya au hayajui. Kama anayajua na anayafundisha, utaona simu ya Jumapili jioni na pesa za mwisho wa mwezi. Siku utakapoona simu zimekoma, au kijana amekuambia kwamba dini inamkataza kukusalimu, hapo utakuwa na sababu ya kweli ya kushtuka, kwa maana atakuwa anafundishwa kinyume cha Kurani yenyewe.

Zipo dalili nyingine ambazo sisi mama wa huku tumejifunza kuzitazama, na nakupa kwa uwazi. Ni kijana kuacha msikiti wake wa kawaida na kumdharau imamu wake, akapendelea darasa la siri lisilo na mahali maalumu. Ni kuacha kazi ghafla au kuuza vifaa vyake vya kazi, kuwa na laini ya simu ambayo nyumbani haijulikani, kupata pesa zisizo na maelezo, na kuzungumzia safari ya kwenda kazini mbali ambako mwajiri hana jina. Moja peke yake haitoshi kumhukumu mtu, lakini zikikusanyika usingoje. Katika barua yako sikuona hata moja.

Kwa sababu hiyo nasema nenda Mombasa. Usiende kwa ghafla kama anayefumania. Mwambie siku utakayofika, akupokee, na ulale kwake angalau usiku mmoja. Mzazi akilala mahali huyajua mengi ambayo simu haisemi: nani anabisha hodi usiku, nani anamkopesha sukari, jirani anamwitaje. Nenda kibandani kwake ukamsalimu mwenye kazi. Mwombe akuonyeshe msikiti anaposali na akukutanishe na imamu wake, hata kama mtasimama nje uani, na umuulize mzee huyo bila kuogopa: alisilimu mbele ya nani, anasoma kwa nani, na mwalimu wake alisomea wapi. Imamu mwema atafurahi kwamba kijana ana mama. Jioni mkiwa peke yenu muulize mwanao swali moja ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote, "Dini yako inakufundisha nini juu yangu?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho, hata kama kuna maneno yatakayokuchoma. Nawe mweleze kwamba alipokuambia usilie ulikuwa huna machozi bado, na kwamba yalikuja baadaye.

Kuhusu ushauri wa kaka yako, naujibu kwa heshima, kwa kuwa mjomba aliyelipa karo ana haki ya kusikilizwa. Kuandikisha polisi jina la mtu ambaye hajafanya kosa, kwa sababu ya ndevu na kuku, si kumkinga mtu yeyote. Mwezi wa Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi na kwingineko na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, na uchungu wa siku zile ulibaki mioyoni. Huku kwetu wapo kina mama ambao kwa miaka mingi wametembea na picha za paspoti mkobani, picha za vijana waliochukuliwa ndani ya magari na hawakurudi. Jina likishaandikwa katika daftari la namna hiyo, wewe huna uwezo wa kulifuta. Na waingizaji wa vijana humtafuta hasa yule ambaye jamaa zake wamemkana, kwa kuwa huyo ndiye mwepesi kumwambia, "Sisi ndio ndugu zako."

Hata hivyo sikufungii mlango huo. Ukisikia kutoka kinywani mwake au kwa mtu unayemwamini kwamba anapanga kusafiri kujiunga na wapiganaji, au kwamba kuna watu watakaodhuriwa, usilale na siri hiyo hata usiku mmoja kwa ajili ya mapenzi ya mama. Nenda kwa vyombo vya usalama siku hiyohiyo, ukiwa na wakili au kiongozi wa dini anayejulikana, ili kuwe na shahidi wa kila hatua. Kwa shaka ndogo kuliko hiyo, lipo Baraza la Maimamu na Wahubiri, na Mombasa lipo pia baraza linalowakutanisha viongozi wa Kiislamu, wa Kikristo na wa dini nyingine za Pwani, ambao wamezoea kukaa na wazazi wa namna yako. Mchungaji wako anaweza kukuongoza kwao.

Mzee wa kanisa aliyetaja msitu wa Boni mjibu kwa upole, usigombane naye. Mwambie kwamba watu wale wanawaua Waislamu pia. Bomu lililolipuka Mogadishu tarehe 14 Oktoba 2017 liliua zaidi ya watu 500 katika mji ambao karibu kila mtu ni Mwislamu. Sheikh Mohammed Idris, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri na ambaye aliwapinga hadharani vijana wenye msimamo mkali, aliuawa kwa kupigwa risasi Likoni mwezi wa Juni 2014. Mweleze pia habari ya basi la Mandera la tarehe 21 Desemba 2015. Wauaji walipowaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria wa Kiislamu walikataa; wanawake walivua mitandio wakawafunika nayo wenzao, na wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, na akafariki mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Sikutajii hayo ili ulinganishe marehemu na marehemu. Binti wa jirani yako anayejikunja chini ya meza anastahili kupewa muda wake wote, na ukikutana naye usimwambie lolote kati ya haya niliyoyaandika, mkumbatie tu.

Na yule mama wa kwaya, mwombe asikutumie tena zile video, na zikija usizifungue wala usizipeleke kwa mwingine. Nyingi kati ya hizo huzunguka miaka na miaka bila tarehe, kila mara zikipewa nchi mpya. Mwambie akitaka kuomba pamoja nawe aje nyumbani mwombe.

Likizo ijayo mwanao akija, mpe pesa za kuku asubuhi na umwambie yeye mwenyewe amtafute wa kuchinja. Wadogo zake waende naye. Ukiona mnaweza, mweleze kaka yako aje mchana huo ale nanyi, aketi na kijana aliyemsomesha, badala ya kukaa kwake akisikia habari zake kwa watu.

Kuhusu jina, usione haya, ni swali la mama. Uislamu haumlazimishi anayesilimu kubadilisha jina, isipokuwa kama lina maana mbaya, ingawa wengi hupenda kufanya hivyo. Muulize kama atakubali nyumbani aitwe lile la zamani, na wakati huohuo jifunze hili jipya polepole, ili ukifika msikitini Mombasa na kumuulizia, watu wajue unamtafuta nani. Likikutoka lile ulilompa siku uliyomzaa, liache litoke. Kwa jinsi ulivyonieleza kijana huyu, naamini ataitika.